Je, wajua? Kwa nini kigae cha chupa kilichokaa baharini huota ukungu

Fort Bragg, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa California, Marekani, ndiko yalikoanzishwa Makumbusho ya Kimataifa ya Kioo cha Bahari, yaani vigae vya chupa vilivyosuguliwa na bahari. Pahali penyewe palistahili. Tangu 1906 wakazi walikuwa wakitupa taka kutoka juu ya genge hadi baharini: chupa, vyombo, hata magari mabovu. Lundo likizidi, walilitia moto. Jaa lilihamishwa 1943, likahamishwa tena 1949, na hatimaye likafungwa 1967. Vyuma vikaliwa na kutu au vikazolewa, vigae vya vioo vikabakia na mawimbi.

Sasa huo ukungu, yaani weupe hafifu kama wa kioo kilichopulizwa pumzi, unatoka wapi? Kioo cha chupa ni silika, yaani mchanga, kwa takriban asilimia 70. Kilichobaki ni hasa magadi na chokaa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kioo kina kama 5.5, nao mchanga wa kwatzi una 7, kwa hiyo mchanga hukikwaruza. Tena uzito wao kwa ujazo unakaribiana sana (2.5 kwa 2.65), ndiyo maana kigae hubingirika pamoja na changarawe, hakiachwi nyuma. Kila kokoto inapokigonga huacha kovu dogo lenye umbo la herufi C.

Kusuguliwa peke yake hakutoshi. Maji hupenya kwenye makovu hayo na kuyayeyusha magadi kidogo kidogo, na chokaa baadaye, hadi sehemu ya juu inajaa vishimo visivyoonekana kwa jicho. Mwanga ukivifikia hutawanyika ovyo. Ukungu ndio huo. Kigae kikiloweshwa, maji hujaza vishimo na ukungu hutoweka, kikikauka hurudi. Basi mwogope muuzaji anayekuonyesha vigae vilivyolowa au vilivyopakwa mafuta: anaficha sehemu pekee inayoweza kusema ukweli. Kwa kawaida kazi hii huchukua miaka 20 hadi 40 kwenye ufukwe wa mawimbi makali, na zaidi kwenye ghuba tulivu.

Ukienda kwenye makumbusho ya aina hii, beba lenzi ya kukuza mara 10. Tafuta zile C. Kigae bandia kilichozungushwa ndani ya pipa la mashine pamoja na unga wa kusagia huwa laini kama hariri, bila C hata moja. Kilichochovywa kwenye tindikali kina ukungu sawasawa kila mahali, hadi ndani ya mifereji, huku kingo zake zikiwa bado kali. Cha bahari halisi hakilingani: kingo zimeviringika, ukungu mzito hapa, mwepesi pale.

Rangi nazo zina mengi. Kijani, kahawia na cheupe ni vya kawaida kwa sababu ni vya chupa za bia, mvinyo na soda. Buluu iliyokoza hutokana na kobalti, na mara nyingi ilikuwa chupa ya dawa. Chekundu ni adimu. Fort Bragg baadhi yake ni mabaki ya taa za nyuma za magari. Cha zambarau hafifu ndicho kinachopendeza zaidi: hakikutiwa rangi hiyo kiwandani. Madini ya manganisi yaliwekwa ili kuondoa ukijani unaoletwa na chuma kilichomo mchangani, kisha miale ya jua ikayabadilisha rangi. Ni jua lililofanya hivyo, maji hayahusiki.

Tochi ya miale ya urujuanimno (nanomita 365) pia ina faida, ila omba ruhusa kwanza. Kioo chenye urani huwaka kijani kikali. Kosa la kawaida ni kuita kila mwako urani, ilhali manganisi nayo hutoa kijani dhaifu.

Ufuko wenyewe wa Fort Bragg sasa umo ndani ya hifadhi ya MacKerricher, baada ya jimbo kuununua 2002, na hairuhusiwi kuondoka na vigae. Nenda maji yakiwa yamekupwa, vaa viatu vya soli inayoshika maana miamba inateleza, na usiipe bahari mgongo: pwani ile wimbi kubwa huweza kupanda ghafla hata siku ya shwari.