Mwanafunzi mwenye asili ya Vietnam anayejinyima chakula: msisubiri akonde

Tunaongelea watoto gani?
Waliozaliwa au kukulia Marekani katika familia zilizotoka Vietnam. Nyumbani bibi anajaza bakuli la wali na kuuliza mbona huli; Tết, yaani Mwaka Mpya wa Kivietnam, ikifika, shangazi yuleyule aliyepika anamwita "mập", yaani mnene, mbele ya wageni. Shuleni na kwenye simu anaoneshwa mwili mwingine kabisa. Hapo ndipo mlo wa mchana unapoanza kurukwa.

Si Waasia ni wembamba kwa asili?
Kauli hiyo ndiyo inayotuchelewesha. Binti wa miaka 15, urefu mita 1.55, alikuwa na kilo 56. Miezi 3 baadaye ana 48. BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 20, kila mtu anasema yuko sawa. Hayuko sawa. Asilimia 14 ya uzito wake imekwenda. Tazama mstari wake kwenye chati ya ukuaji ulivyoporomoka, usitazame namba ya leo peke yake.

Basi tungoje akikonda kweli ndipo tumpeleke?
Hapana. Anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, humpata hata mtu asiye mwembamba, na moyo wake huchoka vilevile. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo dakika nzima akiwa ametulia. Yakiwa chini ya 50, au akizimia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayejitapisha, au aliyekosa hedhi miezi 3, aonwe wiki hiyo.

Na kama bado ana kitambi kidogo na tunaogopa kisukari, tungoje?
Hapana, msingoje! Ni kweli Waasia hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko wengine. Ndiyo maana Marekani watu wazima wa asili hiyo hushauriwa kupima sukari kuanzia BMI 23 badala ya 25. Hiyo ni sababu ya kupima damu. Si ruhusa ya kushinda njaa.

Chai ya kupunguza tumbo je?
Nyingi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mizani inashuka kwa sababu ya maji. Potasiamu, madini yanayohitajika na moyo, nayo inatoka, na ikipungua moyo hupiga ovyo. Itupeni.

Mama hajui Kiingereza, mtoto atafsiri?
Jamani, huyo ndiye mgonjwa! Daktari akisema "apimwe moyo", mama ataambiwa "nipumzike". Ombeni mkalimani, hospitali za Marekani hulazimika kumtoa bure.

Nyumbani tumlishe nini?
Chakula chenu: wali, samaki wa kukaza mchuzi, phở (supu ya tambi). Milo 3 na vitafunio 2 au 3 kwa saa maalumu, mzazi ndiye apakue na akae naye hadi amalize. Lakini aliyekaa siku nyingi akila kidogo mno asishindiliwe sahani kubwa siku ya kwanza: fosfati, madini yaliyomo kwenye damu, inaweza kushuka ghafla na kumuua. Apimwe damu kwanza, chakula kiongezwe kwa maelekezo ya daktari.