Eti kansa ya titi ya Mwafrika ni ile isiyotibika?

Hii kauli inazunguka sana na inaniuma kila nikiisikia, kwamba kansa ya titi inayotupata wanawake wa Kiafrika ni kali kuliko zote, haisikii dawa, ukiambiwa unayo ndo basi tena. Jamani, si kweli. Na ubaya wake ni kwamba kuna mtu anaisikia anaacha kwenda hospitali, kumbe yeye ana aina ambayo dawa yake ipo.

Kansa ya titi si ugonjwa mmoja. Wakichukua kinyama kwenye uvimbe, maabara wanaangalia vitu vitatu kwenye seli: vipokezi (yaani sehemu za seli zinazopokea homoni) vya homoni ya istrojeni, vipokezi vya homoni ya projesteroni, na protini inayoitwa HER2. Zenye vipokezi vya homoni zinatibiwa na dawa kama tamoksifeni, vidonge tu vya kumeza kila siku, na ukivimeza miaka 5 hatari ya kufa na hiyo kansa inapungua kwa karibu theluthi moja. Zenye HER2 kwa wingi zina dawa yake inaitwa trastuzumabu. Zisizo na chochote kati ya hivyo vitatu ndo zile watu wanaziogopa, zinaitwa hasi tatu.

Sasa ni kweli hiyo hasi tatu inaonekana zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, hilo silifichi. Ila Afrika si kijiji kimoja: kuna utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia, Ghana ilikuwa karibu nusu, Ethiopia kama 15 tu kwa 100. Tena baadhi ya takwimu za zamani zilizidisha, kwa sababu kinyama kikicheleweshwa kuwekwa kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisiharibike, au kisipohifadhiwa sawasawa, vipokezi vinaharibika na majibu yanatoka hasi wakati vilikuwepo, na hapo mgonjwa ananyimwa vidonge ambavyo vingemsaidia. Kwa hiyo usikubali mtu akukisie aina yako kwa rangi ya ngozi, ulizia kipimo cha vipokezi.

Na hapa watu wengi wanachanganya, mtu anasoma kwenye karatasi "hasi" anashangilia anadhani hana kansa. Kansa ipo, kilichokosekana ni vipokezi.

Hata hasi tatu yenyewe si hukumu ya kifo. Haina dawa za homoni, sawa, lakini mara nyingi inaitikia vizuri kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa, na hatari ya kurudi iko juu zaidi miaka ile ya mwanzo halafu inashuka sana baada ya kama miaka 5. Zile za homoni ambazo watu wanaziita nafuu zinaweza kurudi hata baada ya miaka 10 au zaidi, ndo maana vidonge haviachwi kisa unajisikia mzima.

Kinachotumaliza zaidi ni kuchelewa. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2020 ulifuatilia wanawake wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, baada ya miaka 3 waliokuwa hai ni kama nusu tu, na watafiti wakakadiria kwamba kati ya 28 na 37 kwa kila vifo 100 vingezuilika kama uvimbe ungegunduliwa mapema na matibabu yakaboreshwa. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza, wengi wetu tunazungushwa miezi, na hiyo si kosa la mgonjwa.

Wengine wanakataa kinyama kisichukuliwe eti kansa ikiguswa na sindano inasambaa. Haisambai kwa hivyo, na bila hicho kinyama hakuna daktari anayeweza kukuambia una aina gani wala akupe dawa gani.

Halafu wadogo zangu, msiseme huu ni ugonjwa wa bibi. Afrika wagonjwa wengi wanagundulika wakiwa na miaka 50 au chini ya hapo, na uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi kabisa, kwa hiyo ukikuta kinundu kwenye titi au kwapani, au chuchu imeingia ndani ghafla au inatoa damu, usisubiri maumivu, nenda wiki hiyohiyo.