Chanjo ya grini kadi ikikudhuru, hesabu siku kwanza

Jamaa zetu wa Unguja na Pemba walioko Marekani, wakiomba ukaazi wa kudumu (grini kadi), hutakiwa wachanjwe surua, pepopunda, homa ya ini B, na mafua msimu wake ukifika. Wengi sindano hizo huwapita salama. Akitokea mmoja bega limekataa kunyanyuka au miguu imemlegea, simu hupigwa nyumbani, na nyumbani huambiwa asubiri, litaondoka lenyewe. Dawa hiyo ya kusubiri ndiyo inayoua madai mengi.

Marekani ina mfuko wa fidia za chanjo uliotokana na sheria ya mwaka 1986. Humo huhitaji kuthibitisha uzembe wa daktari wala wa kiwanda. Unathibitisha kwamba chanjo iliyomo katika orodha ya mfuko ndiyo iliyokudhuru. Asiye raia anaruhusiwa kudai. Shauri hufunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, na mshitakiwa ni Waziri wa Afya. Wakili hulipwa na mfuko, hata ukishindwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lina msingi. Anayekutaka umkatie asilimia ya fidia yako, mkimbie, sheria inamkataza.

Muda ni miaka 3 tangu dalili ya kwanza, si tangu daktari alipoupa ugonjwa jina. Kwa aliyefariki ni miaka 2 tangu kifo, na isipite 4 tangu dalili ya kwanza. Madhara nayo yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yamemlaza mtu hospitali akapasuliwa.

Uviko-19 haimo humo. Ina programu yake, muda wake ni mwaka 1 tu tangu siku ya sindano, na wakili halipiwi. Homa ya manjano pia haimo, kwa hivyo aliyechanjwa huko ili aje kutembea nyumbani asitegemee mfuko huu. Na aliyechomwa Dar es Salaam kwa daktari wa viza? Kwa kawaida chanjo iwe imetolewa Marekani. Milango ya kuvuliwa sharti hilo ipo, lakini ni myembamba, na anayekwenda kwa mara ya kwanza asijihesabu amo.

Bega ndilo linaloleta kesi nyingi, nalo lina masharti yake: maumivu yaanze ndani ya saa 48, yawe bega lile lile lililochomwa, na liwe halikuwa na maradhi kabla. Dai huvunjikia kwenye karatasi. Kadi imeandikwa mkono wa kulia, nawe ulichomwa kushoto: taka isahihishwe mapema, kabla muuguzi hajakusahau. Au daktari ameandika tu “maumivu ya mwezi mmoja”, zile saa 48 zikapotea. Mswahili ana mtihani wa ziada. Akimwambia mkalimani “saa mbili, usiku wa Jumanne”, kwa hesabu ya wazee wetu huo ni usiku unaotangulia mchana wa Jumanne, yaani Jumatatu usiku, saa 8 za Kizungu. Mkalimani asiyejua ataandika siku nyingine kabisa. Taja tarehe na saa ya Kizungu, kisha omba nakala usome kilichoandikwa.

Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000, mbali na gharama za matibabu na mishahara iliyopotea. Ya kifo ni dola 250,000. Familia iliyofiwa ijue kwamba hati ya mirathi ya Kadhi au ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inafaa kwa mali ya hapa. Kule wataka msimamizi aliyeteuliwa kwa sheria ya jimbo husika, na kumpata huchukua miezi, huku muda unakwenda.

Ikiwa kosa ni la daktari, wala si la chanjo, uliza kwanza kituo hicho ni cha nani. Zahanati nyingi za jamii zinazotibu wahamiaji zimo chini ya bima ya serikali ya shirikisho. Humo huanzi mahakamani, unapeleka kwanza dai la maandishi serikalini ndani ya miaka 2, lenye kiasi kamili cha pesa. Dai lisilotaja kiasi huhesabiwa kama halijapelekwa. Hospitali binafsi ni sheria ya jimbo, na kila jimbo lina muda wake.