Je, wajua? Ushuru wa dola 4 unaweza kukwamisha kiondo cha dola 40

Marekani ilipotangaza Aprili 2025 kwamba bidhaa za Kenya zitatozwa ushuru wa nyongeza wa asilimia 10, nilimwambia binamu yangu anayeuza viondo mtandaoni asihangaike. Kiondo ni dola 40, ushuru dola 4. Pandisha bei kidogo, mteja wa Chicago hata hatashtuka.

Nilikosea, na nadhani tuliokosea ni wengi. Tulidhani kinachomuumiza mwenye duka dogo ni ile asilimia.

Kwanza, ushuru haulipwi na nchi inayouza. Hudaiwa kwa anayeingiza mzigo. Supamaketi ikiagiza kontena, mwagizaji ni supamaketi. Lakini yule dada wa Chicago aliyebofya kiondo kimoja akiwa kitandani, naye kwa kawaida huhesabiwa mwagizaji. Hakuwahi kujihisi hivyo kwa sababu vifurushi visivyozidi dola 800 vilipita bila ushuru. Msamaha huo ni wa mwaka 1938, enzi hizo kikomo kikiwa dola 1 (zawadi dola 5), wala haukutokana na huruma: serikali iliona kukusanya visenti hivyo kunakula zaidi ya visenti vyenyewe.

Mei 2025 msamaha uliondolewa kwa mizigo ya China na Hong Kong, na tarehe 29 Agosti kwa dunia nzima. Gharama ya kukusanya haikuondoka. Ilihamia kwa wengine.

Chukua matatu yenye abiria 33 inayofika kwenye kizuizi. Dereva analipa mara moja, anapewa risiti moja, safari inaendelea. Sasa kila abiria aambiwe ashuke, apange foleni, ajaze fomu yake na amlipe karani anayeiandika. Ada ya kizuizi haijapanda hata shilingi, ila karani sasa ana kazi mara 33. Kontena la viondo 1,000 ni ile matatu. Tuseme wakala wa forodha anatoza dola 200 kwa kontena zima: kila kiondo kimebeba senti 20. Kifurushi kimoja kikitozwa dola 15 za kushughulikiwa, ule ushuru wa dola 4 umefika 19, na aliyeleta dola 15 hizo ni karatasi.

Kisha kuna hili, ambalo nililisoma mara mbili. Kwa miezi 6 ya mwanzo tangu hiyo 29 Agosti, vifurushi vya posta viliweza kutozwa asilimia ya thamani, au kiasi kimoja kwa kila kifurushi. Kwa nchi zilizotozwa ushuru wa chini ya asilimia 16, Kenya ikiwemo, kiasi hicho kilikuwa dola 80. Aliyechagua njia ni msafirishaji, si mteja. Kiondo kile kile: dola 4 huku, dola 80 kule.

Umoja wa Posta Duniani uliripoti kwamba mizigo ya posta kwenda Marekani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80, mashirika 88 ya posta yakiwa yamesimamisha huduma zote au baadhi. Tahadhari lakini: takwimu hiyo inapima madirisha yaliyofungwa, haisemi ni wateja wangapi waligoma kulipa.

Binamu yangu hauzi tena kimoja kimoja huko. Amepata mama mwenye duka anayechukua viondo 50 kwa mpigo, kwa bei ya jumla. Faida kwa kila kiondo imepungua, na picha za wateja walizokuwa wakimtumia hazimfikii tena.