Roli za piano za sarafu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa miongo mitatu ya mwanzo ya karne ya 20, baa, hoteli na kumbi za starehe za Marekani zilikuwa na piano zilizojipiga zenyewe ukitumbukiza senti 5. Ndani yake, karatasi yenye matundu iliyozungushwa kwenye kiini, yaani roli, ilipita juu ya upau wa shaba wenye matundu yake. Tundu la karatasi likikutana na tundu la upau, hewa huingia, vali hufunguka, mvukuto hujikunja na nyundo hugonga waya. Nyingi ya mashine hizo zimefufuliwa na zinapiga hadi leo. Kazi ni kuzipatia roli, na anayezisaka hupotezwa na maneno ya wauzaji na ya wasakaji wenzake kuliko anavyosumbuliwa na uhaba wenyewe.

Dhana: Upana ukilingana, roli itapiga

Hii ndiyo inayowala watu fedha. Roli ya kawaida ya nyumbani, ile ya noti 88, ina upana wa inchi 11¼, yaani milimita 286. Roli ya aina iliyoitwa A, iliyotumiwa na piano nyingi za sarafu za kampuni ya Seeburg na za watengenezaji wengine, nayo ni milimita 286. Ya G, ya mashine zenye ngoma na vyombo vya ziada, vilevile. Ya O, ya mashine za Coinola, vilevile. Kwa upana wa karatasi zote zinaenea, lakini kwenye mashine isiyo yake kinachotoka ni kelele tupu.

Kinachozitenganisha kwanza ni jinsi matundu yalivyosongamana. A na G zina matundu 6 kwa inchi, kwa hiyo kutoka tundu hadi jirani yake ni milimita 4.23. O na roli za nyumbani za noti 88 zina 9 kwa inchi, yaani milimita 2.82. (Kipimo hicho cha nyumbani watengenezaji walikubaliana mwaka 1908 huko Buffalo, New York; wa piano za sarafu hawakuwahi kukubaliana, na matokeo yake ndiyo haya.)

Kupima hakuhitaji ufundi mkubwa. Kunjua karatasi kama mita moja juu ya meza safi. Chagua matundu sita au saba yaliyo sehemu mbalimbali za upana. Si lazima yawe kwenye mstari mmoja, kwani unachotafuta ni nafasi ya kila tundu kuvuka karatasi. Pima kila moja kutoka ukingo uleule wa karatasi hadi ukingo wa kushoto wa tundu, kisha toa kipimo kimoja kwenye kingine. Tofauti zote zikigawanyika kwa 4.23, ni roli ya 6 kwa inchi. Zikigawanyika kwa 2.82, ni ya 9. Angalia mtego mmoja: milimita 8.5 ni nafasi mbili za roli ya 6, na papo hapo ni nafasi tatu za roli ya 9. Ukikutana na kipimo hicho, au 16.9, au 25.4, usiamue lolote. Tafuta tundu jingine. Usishangae pia upana ukipungua milimita moja au mbili. Karatasi kavu hunywea.

Ukishajua ni ya 6 kwa inchi, bado hujamaliza. Roli za nyumbani za zamani zaidi, za noti 65, zina upana uleule, matundu 65 yaleyale na nafasi ileile ya 6 kwa inchi kama roli ya A. Tofauti ni kazi ya matundu. Kwenye roli ya nyumbani yote 65 ni noti. Kwenye A, noti ni 58 tu, na matundu 7 yaliyobaki, yote yakiwa karibu na kingo mbili, hutoa amri: kupiga kwa sauti ya chini, pedali ya kuendeleza sauti, kuanza, kuwasha chombo cha ziada kama filimbi au zilofoni, kurudisha roli, kuwasha mandolini (kifaa cha kuipa piano mlio kama wa chombo hicho cha nyuzi) na kuzima. Ukiweka roli ya nyumbani ya noti 65 kwenye mashine ya A, noti za juu kabisa zinasomwa kama amri, na piano inaweza kuanza kurudisha karatasi katikati ya wimbo. Wenye mashine wamefungua vali nzima nzima wakitafuta ugonjwa usiokuwapo.

Dalili za haraka za kuzitofautisha ni mbili. Roli ya nyumbani ya noti 65 kwa kawaida ina wimbo mmoja, na kiini chake kina pini zinazojitokeza kila upande. Roli ya A ni nene, kwa kuwa kwa kawaida imebeba nyimbo kumi.

A na G nazo hazibadilishani kiholela. Noti nyingi zinaweza kuangukia mahali pake, lakini tundu ambalo G hulitumia kuamuru ngoma lina kazi nyingine kwenye A.

Dhana: Boksi limeandikwa Seeburg, basi ni ya Seeburg yangu

Jina la kampuni si aina ya roli. Seeburg peke yake ilitumia A, G, H na nyinginezo, na H ina upana wa milimita 387, haiingii kabisa kwenye mashine ya A. Kwa upande mwingine, roli ya A iliyokatwa na Clark Orchestra Roll Company ya DeKalb, Illinois, au na Capitol ya Chicago, inapiga vizuri kwenye Seeburg ya A. Wurlitzer walikwenda njia yao: roli ya piano yao ya noti 65 ni milimita 244, na ile ya mashine yao iitwayo Pianino, yenye noti 44, ni nyembamba zaidi. Wurlitzer ya sarafu haipokei A, na mnunuzi akiambiwa vinginevyo afunge mkoba.

Isitoshe, maboksi yamebadilishana roli kwa miaka mia. Ukiagiza kutoka mbali, omba picha tano: lebo iliyo mwanzoni mwa karatasi (si ya boksi), mita ya kwanza ikiwa imekunjuliwa na rula imelazwa kukingama, kingo zote mbili, mwisho wa karatasi kwenye kiini, na ncha za kiini. Muuzaji akikataa kuweka rula, bei ishuke au umwachie mwenyewe.

Dhana: Mteja alichagua wimbo

Kwenye mashine nyingi hakuchagua. Sarafu iliwasha mota, roli ikapiga wimbo uliofuata hadi tundu la kuzima, ikatulia. Baada ya wa kumi, tundu la kurudisha lilikunja karatasi yote hadi mwanzo. Wurlitzer waliuza kibadilishaji kilichobeba roli sita kwenye gurudumu, lakini hicho ni kifaa cha pekee.

Jambo hili linamhusu mnunuzi moja kwa moja. Roli iliyokatika mita mbili za mwisho haikupoteza wimbo mmoja tu, imepoteza na tundu la kurudisha. Mashine itaendelea kuvuta hadi karatasi ing'oke kwenye kiini. Kwa hiyo picha ya mwisho wa karatasi isikosekane. Iliyokatika inaweza kuokolewa kwa kuunga kipande kipya na kutoboa tundu la amri kwenye nafasi yake, mradi uwe na roli nzima ya aina hiyohiyo ya kuigia vipimo.

Mashine za Link, za Binghamton, New York, hazihitaji hata kurudisha: karatasi yake ni kitanzi kisicho na mwisho, kinachojilaza chenyewe ndani ya sanduku. Ukiona muuzaji ana lundo la karatasi pana isiyo na kiini, usilidharau, huenda ni hiyo. (Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda hicho, alitumia mivukuto na pampu za piano kuunda mashine ya kufundishia marubani mwaka 1929.)

Dhana: Zote zilipigwa na mpiga piano kwanza

Roli za sarafu nyingi zilipangwa mezani, tundu kwa tundu, au zilichukuliwa kutoka roli za nyumbani zikaongezwa amri. Jina la mpiga piano kwenye tangazo lisipandishe bei bila lebo ya kulithibitisha.

Dhana: Roli halisi ya zamani ni bora kuliko nakala mpya

Kwa kabati, ndiyo. Kwa mashine, mara nyingi hapana. Roli za sarafu zilipigwa mchana na usiku, na zikichoka zilitupwa. Zilizobaki ni za karatasi yenye asidi ambayo imekauka. Jaribio lake ni rahisi: kunja pembe ndogo kabisa ya mwanzo wa karatasi. Ikivunjika kama jani kavu, usiiweke kwenye mashine, hasa kwa sababu kurudisha huenda kasi kuliko kupiga, na hapo ndipo inapochanika.

Nakala mpya nazo zina daraja. Nzuri hutengenezwa kwa kusoma roli ya zamani, kisha kila tundu kurejeshwa mahali hasa mashine ya kutoboa ya awali ilipoliweka, ndipo inakatwa upya. Mbaya hunakili tundu kama lilivyoonekana, pamoja na kunyauka na michaniko yake, na kila kizazi cha nakala huongeza kosa. Masikio hulijua haraka: noti za akodi moja, yaani zinazopaswa kulia kwa pamoja, haziangukii pamoja. Kabla ya kulipa, uliza nakala ilitolewa kwenye roli ya awali au kwenye nakala nyingine.

Dhana: Mchaniko ni wa kuziba kwa selotepu

Gundi ya selotepu huchuruzika, hugeuka njano na kugandisha tabaka la juu yake. Tumia karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, au utepe wa karatasi wa kuhifadhia nyaraka. Kata ukanda wa milimita 4 hadi 6, ubandike upande mmoja tu, weka karatasi ya nta juu, kandamiza kwa kitabu kizito hadi ikauke. Tundu likifunikwa, lifungue kwa kitoboleo, si kwa wembe. Halafu itazame mashine: kingo zikiwa zimechanika upande uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, karatasi inaburuzwa kwenye kisahani cha pembeni mwa kiini. Usipoinyoosha mashine, roli inayofuata itakwenda hivyohivyo. Noti moja isiyolia kwenye roli zote si kosa la roli. Ni vumbi la karatasi kwenye tundu la upau, livute kwa pampu ya mkono.

Dhana: Ni ya miaka mia, basi ni mali

Roli za nyumbani zilitengenezwa kwa mamilioni na wengi huzitoa bure. Za sarafu ziliuzwa kwa wenye mashine tu, ndiyo maana ni chache, na mara nyingi zimelala ndani ya lundo la zile za nyumbani bila mwenyewe kujua. Pitisha jicho kwenye unene kwanza. Vyama vya wakusanyaji wa ala zinazojipiga kama AMICA, kilichoanzishwa 1963, na Musical Box Society International, cha 1949, vina wanachama wanaojua nani ana nini. Kuhusu umri, soma orodha ya nyimbo kwenye lebo: roli haiwezi kuwa ya kabla ya wimbo wake mpya kuliko yote.

Dhana: Ni ya zamani, kunakili ni bure

Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba roli si nakala ya wimbo, kwa kuwa binadamu hawezi kuisoma. Sheria ya 1909 ilibadilisha hilo na kuweka malipo ya senti 2 kwa kila roli. Leo nchini humo nyimbo za enzi hiyo huwa huru baada ya miaka 95 tangu zichapishwe, kwa hiyo roli moja ya nyimbo kumi inaweza kuwa na tisa huru na mmoja unaohitaji kibali. Angalia wimbo kwa wimbo.

Dhana: Ikishaskaniwa, roli haina kazi tena

Faili la MIDI, yaani noti zilizoandikwa kama amri za kompyuta, ni tafsiri ya mtu fulani kuhusu kila tundu ni la nini. Aliyeisoma A kama roli ya nyumbani amegeuza mandolini kuwa noti, na huwezi kujua bila kuona karatasi. Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoanzisha mradi wake wa roli za piano mwaka 2014, huskani karatasi yote kama picha kwanza. Fanya hivyo nawe: hifadhi picha isiyohaririwa, pamoja na upana uliopima kwa milimita, idadi ya matundu kwa inchi na aina ya roli, kisha MIDI iwe faili la pembeni linaloweza kutengenezwa upya.