Renard hapaki basi

Jumamosi mzazi mmoja kaniambia tena kando ya uwanja: "Kocha, wewe ulikuwa beki, ndiyo maana vijana wanazuia tu, wanapaki basi, wote nyuma mbele ya goli. Kama yule Renard wako." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, acha niliandike.

Ndiyo, Hervé Renard, kocha Mfaransa aliyeiongoza Saudi Arabia Kombe la Dunia 2022, alikuwa beki. Alianzia Cannes, akamalizia madaraja ya chini, Vallauris na Draguignan. Alipoanza ukocha alikuwa bado anajipatia riziki kwa kazi ya usafi, hadi kocha Claude Le Roy alipomchukua awe msaidizi wake China, baadaye Ghana.

Sasa rudia mechi ya Saudi Arabia yake na Argentina kwenye Kombe hilo, Lusail, 22 Novemba 2022. Usiufuate mpira, watazame mabeki wa kati. Kipindi cha kwanza wamepanda karibu na mstari wa katikati. Basi gani hupakiwa huko? Ukiacha penalti ya Messi, Argentina walitikisa nyavu mara tatu na zote zikakataliwa kwa kuotea, yaani mshambuliaji alikuwa ameshawapita mabeki pasi ilipopigwa. Mwenye mpira akibanwa au akigeuka kuelekea goli lake, mstari unapanda. Akiwa huru kainua kichwa, unashuka. Wote wanne, kwa pamoja. Mmoja akibaki nyuma hatua moja tu, mtego wa kuotea umekufa na kipa yuko peke yake. Hiyo siyo kazi ya mwoga!

Hata hivyo, kuna kitu kinanisumbua. Goli la kwanza la Lautaro Martínez lilifutwa na VAR, waamuzi wa video, kwa tofauti ndogo mno. Pasingekuwa na VAR, ingekuwa 2-0 mapema, na sidhani kama Saudia wangerudi na kushinda 2-1. Kisha wakafungwa na Poland na Mexico, wakatolewa. Na AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) alizotwaa zote mbili, Zambia 2012 na Ivory Coast 2015, fainali ziliisha 0-0 zikaamuliwa kwa penalti, 8-7 na 9-8. Kiasi gani ni mbinu na kiasi gani ni bahati, mimi sina jibu.

Ninachokijua ni mstari. Jumatatu saa kumi mabeki wangu wanne watafungwa kamba moja kiunoni, wapande na kushuka bila kamba kukaza. Mzazi yule namkaribisha aje ashike mwisho wa kamba.