Ukisoma Kitabu cha Mtu Anayeishi na Bipola

Swali hili huja kliniki pamoja na kitabu mkononi, au nakala iliyopakuliwa kwenye simu: "Daktari, huyu mwandishi alitulia kwa dawa hii. Mbona mimi nimepewa nyingine?" Ni swali la haki. Kitabu cha mtu anayesimulia maisha yake na bipola, ugonjwa wa akili ambao hisia hupanda kupita kiasi na wakati mwingine hushuka mno, humpa msomaji kile ambacho dakika chache za kuonana na daktari haziwezi kumpa, yaani ugonjwa unavyoonekana ukiwa ndani yake. Shida ni kwamba wengi hukisoma kama cheti cha dawa, wakaziruka kurasa zenye faida kubwa zaidi.

Kurasa hizo ni zile za kabla mambo hayajaharibika. Kwa kawaida mania, yaani kipindi cha kupanda, ndiyo inayovuta macho. Kay Redfield Jamison, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ambaye mwenyewe anaishi na ugonjwa huu, anaeleza katika An Unquiet Mind (1995) alivyonunua rundo la vifaa vya kutibia kuumwa na nyoka, akiamini kabisa kwamba jambo hilo ni la dharura. Msomaji hulikumbuka tukio la namna hiyo kwa miaka. Lakini mtu akishafika hapo, kumzuia ni kazi ngumu. Katika kitabu chochote cha aina hii, rudi nyuma kurasa kadhaa utafute wiki mbili tatu zilizotangulia. Alikuwa analala kwa muda wa saa ngapi? Alianza kuongea haraka lini? Nani aligundua kwanza, na alijibiwaje?

Chukua daftari, ugawe ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza iandike dalili ya awali aliyoitaja mwandishi. Ya pili, dalili hiyo inavyojitokeza kwako au kwa ndugu yako, kama ipo. Ya tatu, jina la mtu ambaye huiona mapema. Kazi kubwa iko safu ya pili, kwa sababu ugonjwa ni ule ule ila huvaa nguo za mahali. Mwandishi wa Marekani atasimulia kadi za benki alizozimaliza. Hapa kwetu utaona mikopo ya simu kwenye programu nne kwa usiku mmoja, kiwanja kimeuzwa kwa bei ya kutupa, au lori la mchanga limeshusha mzigo asubuhi kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna aliyeijadili. Mwingine anaanza kuhubiri stendi, na familia inachukua muda kuamua kama ni wito au ni maradhi.

Dalili inayojirudia kuliko zote ni ya usingizi: mtu analala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka hana uchovu wowote. Usiichanganye na kukosa usingizi kwa mawazo, ambako mtu hugaragara kitandani na asubuhi kachoka hoi. Ukilala hivyo siku mbili mfululizo bila kuchoka, usingoje tarehe ya kliniki, piga simu. Daftari likishapata dalili nne au tano ambazo ni zako kweli, njoo nalo. Linatusaidia kuliko maelezo ya "nilikuwa siko sawa".

Vitabu hivi vina upotofu mmoja ambao si kosa la waandishi. Sonona, yaani kipindi cha kushuka, hupata kurasa chache. Ndani ya sonona hakuna kinachotokea, mtu yuko kitandani, na maelezo ya siku 60 zinazofanana hayauzi kitabu. Ukweli ni kwamba watu wengi wenye bipola huumwa sonona kwa muda mrefu zaidi kuliko mania. Kwa hiyo anayejisoma kitabuni na kusema "mimi sijawahi kufanya vituko hivyo, basi sina bipola" anaweza kuwa anakosea. Daktari huita kipindi cha kupanda mania kikidumu siku 7 au zaidi, au muda wowote ikiwa imebidi mtu alazwe. Haipomania, ambayo ni nyepesi zaidi na haimwangushi mtu kazini, huhesabiwa kuanzia siku 4. Mwenye haipomania na vipindi vya sonona, bila mania kamili, ana bipola aina ya pili, na mara nyingi hutibiwa miaka mingi kama mgonjwa wa sonona tu. Hapo pana hatari: dawa ya sonona ikitolewa peke yake, bila dawa ya kutuliza hisia, inaweza kumpandisha mtu hadi kwenye mania.

Kumbukumbu nayo huwa na mashimo. Aliyekuwa kwenye mania hakumbuki yote, hivyo mwandishi mzuri huuliza ndugu na kuchungulia faili la hospitali. Bassey Ikpi, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Marekani na mwenye bipola aina ya pili, alikipa kitabu chake cha 2019 jina la I'm Telling the Truth, but I'm Lying, yaani "Nasema kweli, lakini nadanganya". Onyo liko kwenye jalada.

Tukija kwenye dawa, tazama kwanza mambo yenyewe yalitokea mwaka gani. Jamison alianza lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, miaka ya 1970, wakati ilipotolewa kwa viwango vya juu kuliko vya leo, na ilifika mahali akashindwa kusoma kitabu. Dozi ilipopunguzwa baadaye, uwezo ukarudi. Siku hizi anayeendelea na matibabu hulengwa awe na milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita ya damu, na ikipita 1.5 tunahofia sumu. Damu hutolewa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Ukimeza asubuhi kabla ya kupimwa, jibu litapanda na daktari anaweza kukupunguzia dozi bila sababu. Jaime Lowe, katika Mental (2017), anaeleza figo zilivyomlazimu kuiacha lithiamu baada ya miaka kama 20. Wapo wanaosoma hapo wakatupa vidonge siku hiyo hiyo, na kuacha ghafla ndiyo njia ya haraka ya kurudisha mania. Fundisho la sura ile ni kupima figo na tezi ya shingo kila miezi 6.

Kitabu cha Chicago au London hakitakuambia kuhusu joto la pwani. Jasho jingi, kuhara au kutapika hukausha mwili na lithiamu hupanda. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo kila duka la dawa linazo, huipandisha pia. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, maana maji hupungua na daku hukata usingizi. Mikono ikitetemeka sana, ulimi ukiwa mzito, mwendo ukiyumba na tumbo likiharisha, acha kidonge kinachofuata na uende hospitali.

Wakati wa kusoma nao una hesabu yake. Aliye kwenye mania hugeuza kitabu kuwa mipango, na aliye kwenye sonona nzito huchukua kurasa za kukata tamaa kama ushahidi dhidi yake. Soma ukiwa umetulia, mchana, kurasa 20 hivi kwa mkupuo, na ufunge kitabu saa moja kabla ya kulala. Ambaye akili bado haishiki maandishi marefu anaweza kuanza na Marbles (2012) cha Ellen Forney, kilichochorwa kama katuni. Vingi vya vitabu hivi vina sura ya kujaribu kujiua. Aliyekwisha kukisoma kitabu akuwekee alama kwenye kurasa hizo ili uziruke.

Ndugu, msimpe mgonjwa kitabu wiki aliyotoka wodini, na msikitumie kumsuta: "umeanza kama yule wa kitabuni." Atawaficha dalili. Na kama kurasa zimeamsha mawazo ya kufa, asiachwe peke yake, apelekwe kituo chochote cha afya, usiku au mchana. Vidonge vya lithiamu vikae kwa mtu mwingine, naye ampe vya siku chache chache, kwa sababu vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua.